Kadi ya Rahab

Kwa miaka kumi Mukai alimwonea Rahab wivu, na katika miaka hiyo yote hawakugombana hata siku moja. Walikopeshana chumvi, walishikiana watoto, walisukana nywele Jumapili baada ya kanisa. Mtu wa nje angeapa kwamba ni dada wa tumbo moja.

Walianza kazi siku moja, Februari ya mwaka 1994, katika shamba la maua kusini mwa Kitengela. Mukai alikuwa ametoka Mbooni na mumewe Ndolo, aliyekuwa akipakia mchanga kwenye malori. Rahab alikuwa ametoka Murang'a na mumewe Peterson, dereva wa kuajiriwa. Wanawake hao wawili walisimamishwa meza moja katika banda la kufungia maua, wakapewa kazi ya kupanga waridi kwa urefu wa shina. Wote walikuwa na miaka ishirini na mitatu. Wote walikuwa vibarua. Jioni walirudi kwenye ploti moja ya vyumba vya mabati, milango yao ikitazamana. Mwaka ule wa kwanza Mukai hakuwa na neno lolote na Rahab, kwa sababu hapakuwa na kitu ambacho mmoja alikuwa nacho na mwenzake akakikosa.

Mwaka uliofuata supavaiza alimwita Rahab ofisini. Alitoka na barua. Kuanzia siku hiyo alikuwa mfanyakazi wa kudumu, mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi, likizo na buti mpya. Mukai alibaki kwenye ile orodha ya vibarua iliyosomwa langoni kila Jumatatu. Mikono yake ndiyo iliyokuwa na kasi zaidi pale mezani, na hakuna aliyebisha. Ila Rahab alikuwa amemaliza kidato cha nne na alikuwa na mwandiko mzuri wa kujaza daftari la maua, na Mukai alikuwa ameachia darasa la saba.

Pamoja na barua hiyo kulikuja kadi ya bima ya hospitali, ile ya serikali. Ilikuwa karatasi ngumu iliyofunikwa plastiki, picha ya Rahab pembeni, na ndani yake yameandikwa majina ya Peterson na mtoto wao Mumbi. Rahab aliiweka ndani ya Biblia. Mwisho wa mwezi wa kwanza alikuja kwa Mukai akiwa ameshika karatasi ya mshahara, amekunja uso.

"Ona hawa, wananikata pesa ya hospitali," alisema. "Na mimi hata homa sina."

Mukai alimsikiliza kama mtu mwenye kiu anavyomsikiliza anayelalamika kwamba mvua imemlowesha.

Mwaka 1996 Mukai alijifungua. Uchungu ulimshika vibaya, akavuja damu nyingi, akakimbizwa hadi hospitali moja ya umma upande wa Kajiado, akalala huko siku tisa. Ndolo alikuja kumwona mara moja tu, kwa kuwa siku asiyopakia mchanga ilikuwa siku isiyo na chakula. Alipopona, Mukai aliambiwa hawezi kutoka mpaka gharama zishughulikiwe. Muuguzi alimwelekeza kwa afisa wa ustawi wa jamii, bwana mmoja mpole aliyeitwa Odero. Odero alimuuliza anaishi wapi, mumewe anafanya nini, ana kitanda au analala chini, ana mifugo mingapi. Mukai alijibu kila swali huku akitazama vidole vyake vya miguu. Siku ya pili kamati ya hospitali ilikaa, ikamsamehe. Alirudi Kitengela na mtoto wake, Wayua, na hakumwambia mtu yeyote kuhusu yale maswali. Rahab alipouliza ilikuwaje, Mukai alijibu, "Shemeji yangu alilipa."

Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya Rahab. Mtoto wake wa pili alikaa vibaya tumboni, na akapasuliwa katika hospitali ya kulipia Nairobi. Alirudi baada ya siku sita, ameketi kiti cha mbele cha teksi, mto mweupe mgongoni, kijana wake Kimani amefunikwa blanketi jipya. Wanawake wa ploti walijaa chumbani kwake.

"Kadi imenisaidia," alisema Rahab, akawa anasimulia juu ya kitanda kinachoinuliwa kwa kuzungusha mpini, chai inayoletwa na maziwa kando, mashuka yanayobadilishwa kila asubuhi.

Mukai ndiye aliyempikia uji wiki ile yote. Alimfulia nguo za mtoto na kuzianika. Aliukoroga uji ule vizuri, bila donge, na kila alipokoroga aliliona jina lake kwenye ile orodha ya Jumatatu.

Mnamo 2001 vibarua wengi walikuwa wameshaachishwa, Mukai akiwa mmoja wao. Alianza kupika chapati na maharagwe na kuwauzia mafundi wa ujenzi, maana wakati huo Kitengela ilikuwa inaota nyumba kila kona. Siku moja akiwa ameinamia jiko alisikia gari lenye kipaza sauti. Watu wa bima walikuwa wamekuja. Walisema sasa hata asiyeajiriwa anaweza kuingia: mama mboga, fundi, mfugaji, mtu yeyote, mradi ajilipie mwenyewe kila mwezi.

Mukai aliiepua sufuria na kuacha wateja wakiwa wamesimama. Hema lilikuwa limepigwa karibu na soko la mifugo, na mbele yake kwenye foleni alikuwepo mzee mmoja Mmaasai tu, fimbo kwapani.

"Sopa," afisa alimsalimu.

"Ipa," mzee aliitikia, kisha akauliza, "Hii kadi inatosha wake watatu?"

"Hapana, mzee. Iko na nafasi ya mke mmoja na watoto."

Mzee aliigeuza fomu huku na huku, akairudisha mezani taratibu. "Hii italeta vita kwangu," alisema, akaenda kuangalia mbuzi.

Mukai alijaza fomu. Alikuwa na kitambulisho, ila cheti cha ndoa hakuwa nacho wala cheti cha kuzaliwa cha Wayua, na ikamchukua wiki tatu za kupanga foleni kwenye ofisi za Kajiado kuvipata vile vilivyotakiwa. Kisha akaambiwa asubiri miezi miwili kabla kadi haijaanza kutumika. Hakumwambia Rahab lolote. Kadi ilipokuwa tayari aliitia kwenye mfuko wa aproni, akavuka kwenda kuomba kiberiti, na alipoinama akaiacha ianguke sakafuni.

Rahab aliiokota. Akaisoma, uso ukamchangamka.

"Mama Wayua, kumbe na wewe uko na kadi? Hiyo ni kitu mzuri sana. Hata nilikuwa nataka kukuambia kuhusu hawa watu, nikasikia walishaenda."

Alikuwa anafurahi kweli. Furaha hiyo ndiyo iliyomuudhi Mukai kuliko majivuno yoyote ambayo angeonyeshwa.

Haikupita muda, Wayua akashikwa na kifua. Mukai alimbeba hadi zahanati moja ya pale mjini na kuiweka kadi mezani kama mtu anayeweka noti kubwa. Karani aliiangalia.

"Mtoto analazwa?"

"Hapana. Daktari amesema ni dawa tu, tuende nyumbani."

"Basi hii haitusaidii. Hii ni ya kulazwa. Mgonjwa wa kuja na kurudi analipa mwenyewe."

Mukai alisimama pale, mtoto akihema begani, na kwa kitambo kifupi akatamani hali ya mtoto iwe mbaya kidogo zaidi, ili alazwe, ili kadi ile ifanye kazi kama ya Rahab. Wazo hilo lilimtisha. Alilipa dawa kwa pesa ya unga.

Siku iliyofuata alikwenda mpaka ofisi ya bima, akaketi mbele ya karani wa huko, akauliza maswali mpaka watu wa nyuma yake wakaanza kuguna. Alitaka kujua amenunua nini hasa. Hivyo ndivyo alivyokuja kuielewa kadi ile kuliko mtu yeyote katika ploti. Alijua inalipa kitanda, na kwamba katika hospitali za umma karibu gharama yote ya wodi inaingia humo, lakini ukienda za kulipia inagusa sehemu tu na nyingine unabeba mwenyewe. Alijua haimhusu mama yako mzazi hata kama ni wewe unayemlisha. Alijua kwamba ukiruka miezi, kadi inalala, na ukitaka kuiamsha unaanza upya, na miezi miwili ya kusubiri juu yake. Alijua pia habari ya walioajiriwa. Mtu akiachishwa kazi, aende ofisini na barua yake kabla mwezi ule haujaisha, atageuzwa awe wa kujilipia na hatasubiri hata siku moja. Mwezi ukimpita, anahesabiwa mgeni.

Rahab hakujua chochote katika haya. Pesa yake ilikatwa na mwajiri, naye hakuwahi kuuliza.

Agosti 2003 shamba liliwaachisha watu sitini, wa kudumu. Rahab alikuwa kwenye orodha. Alikuja kwa Mukai mchana, barua mkononi, akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa kama alivyozoea. Mukai alikuwa anakanda unga.

"Miaka tisa, Mama Wayua," alisema Rahab. "Wamenipatia barua na mwavuli."

"Pole sana."

"Nitaanza mitumba. Peterson ameniambia kuna soko Kisaju, na kule Namanga anakopeleka mizigo anaweza kuniletea bidhaa. Sasa hii kadi yangu inakuwaje? Wewe ndiye unajua mambo ya hii bima."

Mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi na mbili. Mukai alilijua hilo bila kutazama kalenda. Aliendelea kukanda.

"Ni kwenda tu ofisini," alisema. "Unaandikisha kama vile mimi niliandikisha."

"Sasa hivi? Ama nipange stoku kwanza?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Unga ulikuwa umeshika vidole vya Mukai mpaka kwenye viungo. Alimwona Rahab mbele yake, buti za shamba miguuni, na kwa mara ya kwanza tangu 1995 Rahab alikuwa mtu anayeuliza, naye Mukai ndiye mwenye kujua. Utamu wa jambo hilo ulimjaa kifuani.

"Si haraka," alisema. "Ukipata nafasi."

Alijiambia kwamba atamweleza kesho. Kesho yake Rahab alikuwa amekwenda Nairobi, Gikomba, kununua nguo. Keshokutwa yake walikuwa pamoja kwenye bomba la maji, wakaongea habari za bei ya mafuta ya taa. Siku ya mwisho ya mwezi Mukai alimwona Rahab akining'iniza sweta za watoto kwenye kamba, akafungua mdomo, na aliposema ikawa ni kuuliza kama sweta ile ya bluu ni ya kuuza. Mwezi ukaisha. Baada ya hapo kumwambia kungekuwa ni kukiri, na Mukai akanyamaza kabisa.

Rahab alikuja kwenda ofisini Machi ya mwaka uliofuata, biashara iliposimama kidogo. Aliandikishwa kama mgeni. Akaambiwa kadi itaanza kazi mwishoni mwa Mei.

Aprili mvua zilikuja kwa nguvu. Soko la Kisaju likawa tope tupu. Siku ya soko, Rahab alikuwa anashuka kutoka nyuma ya pikapu na furushi la makoti mikononi, mguu ukateleza, akaanguka chini na furushi likamwangukia. Mfupa wa paja ukavunjika. Watu walimfunga mbao mbili na kumpeleka hospitali ileile ya upande wa Kajiado ambako Mukai alizalia.

Peterson alirudi kutoka Namanga kesho yake, na jioni akapitia kwa Mukai kuchukua watoto ambao Mukai alikuwa ameachiwa. Alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Wamemning'iniza mguu na mawe, ati mfupa unyooke," alisema. "Daktari anasema wiki sita kitandani, pengine zaidi. Na ile kadi imekataa. Siku thelathini na nane zimebaki. Karani aliniambia kama angekuja na barua ya kuachishwa, mwezi uleule, hangesubiri. Kitanda yote ingelipwa. Sasa nani angejua hiyo?"

Alisema hivyo bila kumshuku mtu. Mukai alikuwa ameshika sufuria ya ugali wa watoto.

Jambo la kwanza lililomjia moyoni halikuwa aibu. Alijisikia akisema kimoyomoyo: sasa tuko sawa. Maneno yalikuja wazi, kama yamesemwa na mtu aliyesimama kando yake. Kisha akamtazama Mumbi, msichana wa miaka tisa, akimfunga mdogo wake kamba za viatu ili waende nyumbani kwa baba asiyejua kupika, na Mukai akaiweka sufuria chini.

Alikwenda kumwona Rahab Jumapili. Alitarajia kumkuta amekunjamana kama yeye alivyokuwa 1996. Alimkuta amesukwa nywele. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mama mmoja wa Mashuuru aliyevunjika mkono, ndiye aliyemsuka kwa mkono wake mzima huku binti yake akishika upande wa pili. Muuguzi alimwita Rahab kwa jina. Kwenye kabati dogo palikuwa na machungwa ambayo Peterson alileta. Mukai aliyahesabu: manane. Hata hapa, alifikiri, hata mguu ukiwa juu, huyu mtu anapendwa.

Waliongea mengi mchana ule. Rahab alikuwa anahofia siku ya kutoka.

"Hii itakuwa kama ile ya Kimani," alisema. "Na saa hii hakuna ploti ya kuuza."

"Ploti gani?"

"Si ile ya Kisaju. Kwani sikukuambia? Kadi ililipa kitanda peke yake, na si kitanda yote. Chumba cha upasuaji, daktari, dawa, hiyo yote ilikuwa juu yetu. Peterson aliuza ploti. Niliona aibu kusema, vile wanawake walikuwa wamekuja kuniona na nimeingia na teksi."

Miaka sita Mukai alikuwa ameubeba ule mto mweupe na kile kitanda cha kuzungusha mpini, kumbe vilikuwa vimenunuliwa kwa ardhi. Alijiona kama mtu aliyefunga kwa muda mrefu akidhani wenzake wanakula, kumbe nao vyombo vyao vitupu. Ungedhani hapo wivu ungekwisha. Haukwisha. Kilichofuata kilikuwa wazo kwamba angalau Rahab alikuwa na ploti ya kuuza.

Lakini aliinuka, akavuta kiti karibu.

"Kuna mtu hapa anaitwa Odero," alisema. "Ako na ofisi karibu na duka la dawa. Anaandikia watu msamaha. Unahitaji barua ya chifu, na kujibu maswali."

Rahab alitikisa kichwa. "Hiyo ni ya maskini kabisa, Mama Wayua. Wa kuokota. Mimi siwezi kuandikiwa hiyo."

"Mimi niliandikiwa."

"Wewe?"

"Wakati wa Wayua. Shemeji hakulipa kitu. Nilikudanganya. Waliniuliza kama nalala kwa kitanda ama chini, nikawaambia chini, na nikasamehewa."

Rahab alimtazama kwa upole, akanyoosha mkono ili amshike. Upole huo Mukai hakuweza kuuvumilia. Aliurudisha mkono wake nyuma.

"Na kuna ingine," alisema. "Siku ile ulikuja na barua. Nilijua kuna tarehe. Nilijua ukienda kabla ya mwezi kuisha hutasubiri. Nikakuambia si haraka."

Mama wa Mashuuru alikuwa amelala, au alijifanya. Rahab alitaka kugeuka ampe Mukai mgongo, mabega yakaanza kuzunguka, lakini mguu ulikuwa umefungwa kwenye kamba na mawe ukingoni mwa kitanda, haukumruhusu. Ikabidi abaki akimtazama.

"Kwa nini?" aliuliza hatimaye.

"Nilikuwa nakuonea wivu."

"Ya nini? Mimi niko na nini?"

"Kadi. Barua ya kazi. Vile Peterson anakuja kukuona. Sijui. Kila kitu."

Rahab aliangalia dari muda mrefu. Machozi yalimtoka pembeni mwa macho na kuingia masikioni, na hakuyapangusa.

"Nilikuamini kuliko huyo karani," alisema. "Enda nyumbani. Kesho usikuje."

Mukai hakwenda hospitali kesho yake. Alikwenda ofisi ya chifu Kitengela. Chifu alikuwa kwenye mkutano. Alirudi siku ya pili, akaketi benchi toka asubuhi, jiko lake la chapati likiwa limezimika siku nzima, akatoka na barua yenye muhuri. Alimpa Peterson aipeleke na hakumweleza zaidi. Kisha akampigia Odero kutoka kibanda cha simu, akamkumbusha jina lake. Odero hakumkumbuka, watu walikuwa wengi mno, ila alisema familia ikileta barua atapita wodini mwenyewe.

Alipita. Rahab alijibu maswali, na Peterson alisimulia baadaye kwamba alipoulizwa kuhusu mifugo alisema ana jogoo mmoja asiyewika. Mwishoni mwa Mei kadi yake ilitimiza siku zake, ikaanza kazi, na haikumsaidia kitu, kwa kuwa kinachoangaliwa ni siku ya kuingia. Alilala pale kitandani mwenye bima halali, ambayo ingemlipia mguu mwingine lakini si ule. Wiki ya pili ya Juni kamati ya hospitali ilimsamehe sehemu kubwa. Kilichobaki Peterson alikilipa kidogo kidogo, na wanawake wa mitumba wa Kisaju walimchangia. Mukai alitia mchango wake humo bila kuandikwa jina.

Rahab alitoka kwa magongo. Mwezi uleule alihamia ploti nyingine, ng'ambo ya barabara. Walipokutana sokoni aliitikia salamu, akapita. Ndolo alimuuliza mkewe kama kuna kitu kati yao, Mukai akamwambia kipo na ni yeye aliyekileta. Ndolo hakuuliza tena. Wayua ndiye aliyeteseka zaidi, akawa anavuka barabara kwa siri kwenda kucheza na Mumbi, na Mukai akajifanya hajui.

Ilikuwa Januari 2005 Rahab alipokuja. Aliingia akichechemea kidogo, hakuketi kigodani. Alikuwa na bahasha.

"Wameniambia Kimani hayuko kwa kadi," alisema. "Nilipoandikisha upya nilikuwa na cheti ya Mumbi peke yake. Nataka uniambie vile inafanywa. Yote. Na tarehe."

"Kaa kwanza."

"Niko sawa hivi."

Mukai alisogeza chapati kando ya moto, akapangusa mikono, akachana karatasi kwenye daftari la Wayua, akaandika kwa mwandiko wake wa darasa la saba: cheti gani, nakala ngapi, picha ngapi, dirisha lipi, siku gani ya mwisho ya kulipa na nini kinatokea ukiipita. Alipomaliza alimsomea kwa sauti tangu mwanzo. Rahab alimsahihisha tahajia ya neno moja, kwa mazoea tu, kisha akaonekana kujuta kwa kuwa walikuwa wamekaribia kucheka.

"Biashara inaendelea?" Mukai aliuliza.

"Inaenda. Nimepata kibanda hapa Kitengela, cha kona, karibu na benki. Kiko na mlango ya chuma."

Kibanda cha kona. Mukai alikuwa amekitazama kibanda hicho tangu kinajengwa, akijiona ndani yake na jiko lake, kivuli juu, wateja wakikaa kwenye benchi. Aliisikia ile hali ya wivu ikimpanda tena, ileile, kana kwamba hakuna kilichowahi kutokea. Alingoja ipande mpaka mwisho. Kisha akaichukua ile karatasi, akarudi kwenye ile tarehe ya mwisho na kuipigia mstari, halafu mstari wa pili, akampa Rahab.

"Enda kesho," alisema. "Usingoje hata wiki. Na uende asubuhi, mchana wanafunga dirisha."

Rahab aliikunja na kuitia kwenye bahasha. Pale mlangoni alisimama.

"Kesho nikitoka huko ofisini nitakuwa na watu wa kunijengea rafu," alisema. "Mumbi anaweza kula kwako mchana?"

"Aje," alisema Mukai.

Alimtazama akivuka barabara polepole, lori moja likimsimamia apite, na dereva akimpungia mkono. Hata madereva, Mukai aliwaza. Akageuza chapati.